Nikiikosoa Israel nitaitwa mwenye chuki na Wayahudi? Jibu kwa msomaji anaesoma Uingereza

Msomaji mmoja, dada wa Tanga anaesoma shahada ya pili kaskazini mwa Uingereza, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Chuo chetu kimepitisha ule ufafanuzi wa IHRA wa chuki dhidi ya Wayahudi. Nimeandika posti kuhusu Gaza nataka niiweke mtandaoni ila wenzangu wananitisha, wanasema nitafukuzwa chuo na viza itaondoka nayo. Hivi huo ufafanuzi ni sheria? Na mtu akiikosoa Israel ndo anakuwa anawachukia Wayahudi? Naishi nyumba moja na mdada Myahudi, sitaki kumuumiza, ila na kunyamaza nako sitaki." Posti yenyewe kanitumia, ina sentensi tatu, nitazipitia moja moja huko chini.

Haya dada, pole na hofu. Mimi ni wakili na kesi zangu nyingi ni za waandishi wa habari na watu walioitwa polisi kwa kitu walichoandika kwenye simu, kwaiyo swali lako nalijua joto lake. Jibu fupi ni kwamba hapana, ule ufafanuzi wa IHRA, muungano wa nchi unaoshughulika na kumbukumbu ya Holokosti (yale mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Manazi), sio sheria, wenyewe umejiandika hivyo mstari wa mwanzoni kabisa, na hapana, kuikosoa serikali ya Israel sio kuwachukia Wayahudi, na hilo nalo limeandikwa humo humo. Lakini kwenye sentensi zako tatu kuna moja ningekuomba uifute leo, na sio ile unayoiogopa.

Nianze na neno lenyewe maana huku kwetu, hasa pwani, kuna hoja naisikia kila mjadala huu ukianza, mtu anasema mbona hata Waarabu ni Wasemiti, sasa Mwarabu au Mwislamu ataambiwaje ana chuki na Wasemiti. Jamani hii hoja tuiache. Neno la kizungu lilienezwa Ujerumani mwaka 1879 na mwandishi anaeitwa Wilhelm Marr, mtu aliyewachukia Wayahudi waziwazi na alietaka chuki yake isionekane ugomvi wa dini wa kizamani, ionekane jambo la damu na mbari, jambo la kisayansi, na tangu siku hio lilimlenga Myahudi peke yake. Usemiti ni jina la familia ya lugha, Kiarabu kimo, Kiebrania kimo, Kiamhari kimo. Ndo maana mimi kwa Kiswahili nasema tu "chuki dhidi ya Wayahudi", ni refu lakini halimpi mtu pa kukwepea.

Na chuki hio ipo na inaua, tusianze kuongea habari ya uhuru wa kusema kama vile upande wa pili hakuna watu. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu aliingia sinagogi la Tree of Life kule Pittsburgh, Marekani, asubuhi ya Sabato, akaua watu 11 waliokuja kuswali. Mwaka uliofuata, 9 Oktoba 2019, siku ya Yom Kippur, siku kuu ya toba ya Wayahudi, mwingine alijaribu kuingia sinagogi la Halle Ujerumani, mlango ukamshinda, akageuka akaua watu wawili nje. Januari 2015 Paris waliuawa Wayahudi wanne ndani ya duka la vyakula, na wengine wakapona kwa sababu mfanyakazi wa duka, kijana Mwislamu kutoka Mali, Lassana Bathily, aliwashusha kwenye chumba cha baridi cha chini. Na sisi wa mwambao huu hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Kikambala, kaskazini ya Mombasa, 28 Novemba 2002, gari la mabomu liliingia Paradise Hotel iliyokuwa ya Waisraeli, na asubuhi ile ile ndege ya Arkia iliyobeba watalii wa Kiisraeli ikarushiwa makombora mawili ikiondoka uwanja wa Mombasa, yakakosa. Hotelini walikufa Waisraeli watatu na Wakenya kumi, wakiwemo wacheza ngoma waliokuwa wanawapokea wageni.

Na kuna hili dogo ambalo mimi binafsi lilinichukua miaka kuliona. Utotoni mtaani kwetu mwenye duka akikataa kukopesha sukari, watoto tukitoka nje tunamwita "yahudi". Bahili, roho ngumu, yahudi. Hakuna hata mmoja wetu aliewahi kumuona Myahudi kwa macho, neno lilifika kabla ya mtu. Wakati hapo Mbale tu Uganda kuna Abayudaya, Waafrika kama mimi na wewe, wanaofuata Uyahudi tangu Semei Kakungulu alipoanzisha mwaka 1919, na Idi Amin akaja akawapiga marufuku kuabudu, watu wakawa wanaswali kwa kujificha. Kwaiyo ukiniuliza kama dunia inahitaji kuelezana chuki hii inafananaje, nakwambia ndio, inahitaji sana.

Sasa huo ufafanuzi umetoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashambulizi dhidi ya Wayahudi yaliongezeka Ulaya na taasisi ya Umoja wa Ulaya iliyokuwa inafuatilia ubaguzi, EUMC, ikagundua haiwezi hata kulinganisha takwimu, nchi hii inahesabu hivi ile inahesabu vile, nyingine haihesabu kabisa. Mwaka 2005 wakatoa rasimu ya kusaidia wakusanyaji wa takwimu, na mwandishi wake mkuu alikuwa Kenneth Stern, mwanasheria Mmarekani, mwenyewe Myahudi na mwenyewe Mzayuni, yani anaeunga mkono kuwepo kwa taifa la Kiyahudi, alikuwa anafanya kazi kwenye shirika kubwa la Kiyahudi kule kwao. Mei 26 mwaka 2016, kwenye mkutano wa Bucharest, muungano wa nchi unaoshughulika na kumbukumbu ya Holokosti, ndo hao IHRA, ukauchukua karibu kama ulivyo. Desemba ile ile serikali ya Uingereza ikaupokea. Mwezi wa kumi kabla ya hapo kamati moja ya bunge lao ilikuwa imeshauri waongeze maneno mawili matatu ya kinga, kwamba kuikosoa serikali ya Israel peke yake bila ushahidi mwingine wa nia ya chuki isihesabiwe chuki, na serikali ikasema haina haja, kinga iliyomo inatosha. Hapo ndo kosa lilipofanyika kwa maoni yangu. Alafu Oktoba 2020 waziri wa elimu wa wakati huo akaviandikia vyuo barua kwamba visipoupitisha vinaweza kuguswa kwenye pesa, na ndo maana chuo chako na vingine vingi vinao.

Mimi huu ufafanuzi naufananisha na rula. Tuliosoma shule za zamani tunaijua, rula imetengenezwa kupimia mstari kwenye daftari, lakini mwalimu akiikamata kwa upande wa makali inakuwa ya kuchapia viganja. Rula haijabadilika, kilichobadilika ni kazi. Na anaesema hivyo kwa ukali kuliko wote ni huyo huyo Stern alieiandika. Mwaka 2017 alikwenda mbele ya kamati ya bunge la Marekani akawaambia msiutie huu kwenye sheria ya vyuo, haukuandikwa kwa ajili ya kuamua nani aongee chuoni, na Desemba 2019 Rais Trump aliposaini amri ya kutaka idara za serikali kuu ziuzingatie kwenye malalamiko ya ubaguzi vyuoni, Stern akaandika gazetini kuipinga amri hio. Mei 2024 Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa kuuingiza rasmi, kura 320 kwa 91, lakini Seneti haikuupitisha.

Ukiusoma wenyewe utashangaa ulivyo mfupi. Unasema chuki dhidi ya Wayahudi ni "mtazamo fulani" kuhusu Wayahudi ambao "unaweza" kuonekana kama chuki kwao. Mtazamo gani? Haisemi. Mimi nikipeleka sheria yenye maneno hayo mbele ya jaji wa mahakama ya mwanzo atanirudishia. Kwaiyo uzito wote umehamia kwenye mifano 11 iliyofuata, na katika hio 11, saba inahusu Israel. Mingine haina ubishi, kutaka Wayahudi wauawe, kukana mauaji ya Holokosti, kusema Wayahudi wanaendesha dunia kwa siri, kumbebesha kila Myahudi lawama za yanayofanywa na Israel. Mingine ndo yenye moto: kusema kuwepo kwa dola ya Israel ni mradi wa kibaguzi, kuidai Israel tabia ambayo nchi nyingine za kidemokrasia hazidaiwi, kuilinganisha na Manazi. Na kabla ya mifano imeandikwa kwamba hayo "yanaweza" kuwa chuki "kwa kuzingatia mazingira yote". Watu wa kamati za nidhamu huwa wanairuka hio sehemu ya mazingira, wanaenda moja kwa moja kwenye mfano, wanaweka tiki.

Kwa sababu ya hayo, Machi 2021 wasomi kama 200 wa historia ya Wayahudi, Holokosti na Mashariki ya Kati, wengi wao Wayahudi wenyewe, walitoa andiko lao, Azimio la Yerusalemu. Hao wanasema chuki dhidi ya Wayahudi ni ubaguzi, upendeleo mbaya, uadui au ukatili dhidi ya Wayahudi kwa kuwa ni Wayahudi, au taasisi za Kiyahudi kwa kuwa ni za Kiyahudi. Shika hayo maneno "kwa kuwa ni Wayahudi" maana hapo ndo kuna kipimo. Nalo azimio lina wapinzani wake, wapo Wayahudi wanaosema linaiachia mno siasa ya kuifuta Israel, na siwezi kusema hofu yao ni ya bure. Ila kama fundi wa sheria nakwambia lile limeandikwa kwa mtu anaetaka kuelewa, unaona mstari uko wapi.

Haya tuje kwenye posti yako.

Sentensi ya kwanza umeandika: "Israel inawafanyia Wapalestina yale yale Makaburu waliyowafanyia watu weusi Afrika Kusini." Hii iache. Januari 2021 B'Tselem, shirika la haki za binadamu la Waisraeli wenyewe lenye makao Yerusalemu, lilitumia neno apathaidi, yani ubaguzi ule wa Makaburu, Aprili ile Human Rights Watch wakafuata na ripoti yao, Februari 2022 Amnesty nao. Kuna watu wanaipinga kwa hoja, mfano wanasema raia Waarabu wa Israel wanapiga kura na wana wabunge, na wewe unatakiwa uwe na jibu la hio hoja ukiulizwa, mfano uoneshe tofauti ya maisha ya raia wa Haifa, ndani ya Israel, na mtu wa Hebron, Ukingo wa Magharibi, alie chini ya sheria ya jeshi. Lakini jambo la kubishaniwa ni jambo la kubishaniwa, haliwi chuki kwa sababu linauma. Azimio la Yerusalemu linasema waziwazi kuilinganisha Israel na apathaidi peke yake sio chuki dhidi ya Wayahudi.

Sentensi ya pili, hii ndo iliokunyima usingizi: "Taifa hilo lilijengwa juu ya ubaguzi tangu 1948." Nimeona umeandika pembeni "hii ndo mfano wa IHRA kabisa". Inakaribia, ndio. Lakini fikiria huyu mtu, Mpalestina ambae babu yake alikimbizwa Haifa mwaka 1948 akiwa na funguo mfukoni na nyumba ikachukuliwa kwa sheria ya mali za walioondoka ya mwaka 1950. Huyu atasimuliaje historia ya nyumbani kwao bila kusema kitu kinachofanana na sentensi yako? Ukimwambia hio ni chuki dhidi ya Wayahudi umemwambia habari ya babu yake ni kosa. Hapa ndo naona ufafanuzi unapogongana na uhuru wa kujieleza uso kwa uso, sio kwenye matusi, kwenye kumbukumbu ya mtu. Na Februari 2024 baraza la kazi la Uingereza katika kesi ya Profesa David Miller na Chuo Kikuu cha Bristol lilisema imani ya kuupinga Uzayuni inalindwa na Sheria ya Usawa ya 2010 kama imani nyingine za kifalsafa. Usiisome nusu hio kesi lakini, maana baraza hilo hilo lilimkata fidia yake kwa nusu kwa kuwa mwenendo wake mwenyewe ulichangia kufukuzwa, alikuwa amewasema vibaya wanafunzi Wayahudi wa chuo chake. Imani ililindwa, namna alivyoisema ikamgharimu.

Kwaiyo kwa sentensi ya pili ushauri wangu sio kuifuta, ni kuitia nyama. Badala ya kusema juu juu, sema sheria gani. Sema sheria ya Julai 2018 inayosema haki ya kujiamulia mambo ya kitaifa ndani ya dola ya Israel ni ya watu wa Kiyahudi peke yao. Sema hio ya mali ya 1950. Ukitaja sheria na mwaka msomaji anaona unaongelea matendo ya dola, na anaetaka kukushtaki itabidi abishane na hizo sheria kwanza. Na usivuke kwenda kusema Wayahudi wanaoishi pale hawana haki ya kuishi pale, maana hapo hata Azimio la Yerusalemu lenyewe linakuacha mkono, linasema kuwanyima Wayahudi walioko Israel haki ya kuwepo na kustawi kama Wayahudi, kwa misingi ya usawa, ni chuki.

Sentensi ya tatu: "Ila hamtayasikia kwenye TV maana vyombo vya habari vyote ni vya Wayahudi." Dada yangu, hii ndo ya kufuta.

Najua hukuiandika kwa ubaya, umeisikia grupu za WhatsApp mara mia, umeisikia labda hata kwa mhubiri au ustadhi unaemuheshimu, imekuwa kama kusema jua linachomoza mashariki. Lakini angalia imefanya nini. Sentensi mbili za kwanza zinaongelea serikali, jeshi, sheria. Ya tatu imehama, haiongelei tena serikali, inaongelea watu kwa asili yao, yule mdada mnaechangia nae jiko yumo, Abayudaya wa Mbale wamo, wale bibi na babu waliouawa Pittsburgh wamo. Na ina historia, hii sio maoni ya jana. Mwaka 1903 Urusi kilianza kuchapishwa, kwanza gazetini, kijitabu kinachodai kuwa ni kumbukumbu za kikao cha siri cha wazee wa Kiyahudi wanaopanga kuitawala dunia kwa kushika magazeti na benki. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London likakianika, likaweka kurasa pembeni kwa pembeni likaonesha kimenakiliwa kutoka kitabu cha kejeli cha Mfaransa cha mwaka 1864 ambacho hakikumtaja Myahudi kabisa. Yani ni uongo ulioibiwa. Na Manazi wakaufundisha mashuleni hata hivyo. Kwaiyo hio sentensi ni chuki dhidi ya Wayahudi kwa IHRA, ni chuki kwa Azimio la Yerusalemu, na ingekuwa chuki hata kama hakuna aliewahi kuandika ufafanuzi wowote.

Alafu inakuharibia. Anaekupinga hatagusa ya kwanza wala ya pili, atapiga skrinshoti ya tatu, na atakuwa na haki. Kama kuna chaneli unayoiangalia ilificha habari, itaje kwa jina, taja siku, sema habari gani iliachwa. Hio inaitwa ukosoaji na hakuna kamati itakayokugusa.

Sasa kuhusu kufukuzwa. Nisikudanganye, shida ipo, ila sio ile wanayokutisha nayo. Mashirika mawili, moja la msaada wa kisheria Ulaya na jingine la wasomi wa Mashariki ya Kati Uingereza, walikusanya kesi 40 za vyuo vya Uingereza kati ya 2017 na 2022 ambapo mtu alituhumiwa kwa kutumia huo ufafanuzi. Ukiondoa mbili zilizokuwa bado zinaendelea, tuhuma zote zilitupwa. Utasema basi afadhali. Sio afadhali, maana waliotuhumiwa walikaa miezi wanaitwa vikaoni, wanatafuta wakili, tasnifu imesimama, wazazi nyumbani hawalali, na wenzao mia wakaona wakajifunza kukaa kimya. Nimeona hicho kitu hicho hicho hapa kwetu kwa kesi za mtandaoni, mtu anaachiwa huru mwisho wa siku lakini simu yake ilikaa polisi mwaka mzima na haandiki tena. Madhara ya kanuni isiyoeleweka huyapati kwenye hukumu, yapo kwa wale ambao hawakuandika.

Ulaya bara mahakama zimeanza kuirudisha rula mahali pake. Wanaharakati 11 Ufaransa walitozwa faini kwa kuwaambia wateja wa supamaketi, karibu na Mulhouse, mwaka 2009 na 2010, wasinunue bidhaa za Israel, wakapigwa mpaka mahakama ya juu ya nchi yao, na Juni 11 mwaka 2020 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema Ufaransa ilivunja uhuru wao wa kujieleza, kuhimiza kususia bidhaa ni siasa, na siasa inalindwa sana. Ujerumani, jiji la München lilikataa kukodisha ukumbi kwa mjadala kuhusu kususia Israel, na Januari 2022 mahakama kuu ya utawala ya nchi ikasema jiji halina mamlaka hayo. Lakini Ujerumani hio hio mwaka 2020 Achille Mbembe, msomi wa Kameruni, mmoja wa vichwa vikubwa Afrika, alialikwa kufungua tamasha la sanaa, na mpaka kamishna wa serikali wa kupambana na chuki dhidi ya Wayahudi akasema hafai, kwa sababu ya kurasa alizoandika kuhusu apathaidi na Palestina. Tamasha lenyewe likafutwa kwa sababu ya korona. Mtu aliekulia kwenye kumbukumbu ya ukoloni akiambiwa hawezi kuutumia ukoloni kupima dunia, ni kumnyang'anya chombo chake cha kufikiri, na mimi hilo liliniuma kwelikweli.

Labda utajiuliza kwa nini Mwafrika Mashariki nalivalia njuga hivi. Kwa sababu sisi tumeona pande zote mbili kwa macho yetu. Rwanda 1994, RTLM iliwaita watu mende redioni na watu wakachinjwa, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ikawatia hatiani watu wa ile redio na wa gazeti la Kangura. Kwaiyo mtu asiniambie maneno hayaui. Lakini Rwanda hio hio mwaka 2008 ikatunga sheria ya itikadi ya mauaji ya kimbari yenye maneno kama kudhihaki, kucheka msiba wa mwenzio, kudharau, kifungo miaka 10 mpaka 25, na watetezi wa haki wakalalamika kwamba hakuna anaejua mwisho wake uko wapi, mwandishi akikosoa serikali anaweza kuingizwa humo. Serikali yenyewe ikaja kuiandika upya mwaka 2013 na tena 2018. Lengo lilikuwa halali kabisa, jeraha lilikuwa la kweli, maneno ndo yalikuwa mapana. Na sisi Tanzania, Machi 28 mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo hapo Arusha, iliikuta Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ina vifungu visivyoeleweka kiasi kwamba raia hawezi kujua afanye nini asivunje sheria, na ikasema hio peke yake inatosha kuwa kosa. Mimi hapo ndo nilipo, chuki iadhibiwe, ila mtu ajue kabla hajafungua mdomo mstari umepita wapi.

Kwako sasa, vitu vya kushika. Chuo chako kina wajibu wa kisheria wa kulinda uhuru wa kusema, kuna sheria ya mwaka 2023 ya uhuru wa kusema vyuoni ambayo sehemu zake kubwa zimeanza kufanya kazi Agosti 1 mwaka 2025, na juu yake kuna kifungu cha 10 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kinacholinda uhuru wa kujieleza. Ikija barua usijibu kwa hasira na usijibu usiku. Waandikie uwaulize ni kanuni gani ya nidhamu umevunja, namba yake, na ni maneno gani hasa kwenye posti, maana ufafanuzi wa IHRA wenyewe hauwezi kumshtaki mtu, lazima wapitie kwenye kanuni yao ya unyanyasaji. Na kwa kuwa posti ni ya Kiswahili waulize nani katafsiri, omba nakala ya tafsiri, nimeona kesi nzima inasimama juu ya neno moja lililotafsiriwa na mashine. Nenda chama cha wanafunzi siku ile ile, usisubiri.

Kitu kinachoweza kweli kukufikisha polisi ni kingine na hawajakutajia. Hamas imepigwa marufuku Uingereza yote nzima, sio tawi la kijeshi tu, tangu Novemba 2021, na kwa Sheria ya Ugaidi ya 2000 kueleza maoni ya kuiunga mkono ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 14. Mimi nina maoni yangu kuhusu upana wa sheria hio, lakini wewe ni mwanafunzi wa viza, kwaiyo bendera, stika, kushea video zao na kiemoji cha moyo, achana nazo kabisa.

Na yule mdada wa nyumbani. Umeniambia kwenye semina ya wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alimgeukia akamwambia "wewe kama Myahudi unasemaje kuhusu Gaza, laani basi tusikie", darasa zima likamwangalia, na wewe ulikaa kimya. Hilo limetajwa kwenye Azimio la Yerusalemu, kumtaka mtu ailaani Israel hadharani kwa sababu tu ni Myahudi, ni chuki. Ni sawa na sisi tulivyokuwa tunasimamishwa uwanja wa ndege kila bomu likilipuka tuulizwe tunasemaje kwa kuwa tunaitwa Juma na Mwanaidi, unaijua ile hali, unaijua na jasho lake.

Kabla hujaweka posti mpikie chai, mkalishe mezani, mtafsirie zile mbili zilizobaki kwa mdomo wako. Hana lazima ya kukubali na huna lazima ya kuzibadilisha. Ila asizione kwanza kwenye simu ya mtu mwingine.